Theluji Mbele ya Mlango: Shajara ya Januari

Jumatatu

Theluji ilianza kuanguka jana usiku, ikakoma kabla ya mapambazuko. Nimetoka zamu ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee ninakofanya kazi, na nilipofika nyumbani ngazi za mbele zilikuwa hazionekani. Ufunguo umeniponyoka kwenye glavu nene ukazama. Kitu kikizama kwenye theluji laini hakitoi mlio, na shimo lake hujifunika papo hapo. Nimechakura kwa mikono mpaka binti yangu akafungua mlango kwa ndani na kuuliza, "Baba, unatafuta nini?" Ufunguo umeonekana baadaye, beleshi lilipourusha pamoja na theluji kwenye ukanda wa majani ulio kati ya njia ya waenda kwa miguu na barabara.

Ukanda huo ndiko theluji inakotakiwa kuwekwa. Hapa Minneapolis sheria iko wazi. Theluji ikikoma, mwenye nyumba ya familia moja au mbili ana saa 24 za kusafisha njia inayopita mbele ya kiwanja chake. Majengo ya biashara na yale ya nyumba nyingi za kupangisha yana saa nne tu za mchana, na ikiwa theluji ilianguka usiku, saa hizo huanza kuhesabiwa saa mbili asubuhi. Njia isafishwe upana wake wote hadi zege lionekane. Theluji isisukumiwe barabarani wala kichochoroni.

Njia yenyewe ni ya umma. Siwezi kuizungushia uzio wala kumzuia mtu kupita. Lakini miezi ya baridi uangalizi wake umekabidhiwa kwangu, nami nimeupokea. Anayepita mbele ya mlango wangu saa kumi na mbili asubuhi akiwahi kazi hakuichagua siku ya theluji.

Jumanne

Mpini wa beleshi umekatika. Nilikuwa kwenye kona, mbele ya nyumba ya bibi jirani yetu, nikipasua tuta lililoachwa na greda. Kila greda lipitapo huacha tuta pembeni, kwa kuwa theluji ya barabarani lazima iende mahali. Kwenye kona, tuta hilo hukaa juu ya mteremko ule ambako kiti cha magurudumu na kigari cha mtoto hushukia kuvuka. Miteremko hiyo imeenea Marekani nzima kwa nguvu ya sheria ya mwaka 1990 inayolinda haki za watu wenye ulemavu. Zege limemwagwa, alama za kupapasa kwa fimbo zimewekwa, kisha kila Januari sehemu ile ile inazibwa.

Theluji ya tuta si theluji ya uani. Imeshindiliwa, imechanganyika na mabonge ya barafu na chumvi, na usiku mmoja ukiipitia hugeuka jiwe. Sheria inamtaka mwenye kiwanja cha kona asafishe miteremko hiyo pia, na kiwanja cha kona kina pande mbili. Kwa hiyo bibi, ambaye ana umri wa mama yangu na anatembea kwa kigari cha kuegemea, ndiye mwenye wajibu mrefu kuliko wote katika mtaa wetu.

Daktari amemkataza kuinua beleshi. Ninajua sababu kwa kazi yangu. Baridi hubana mishipa ya damu na kupandisha shinikizo. Mikono inainua mzigo mzito huku miguu imesimama mahali pamoja. Mtu hubana pumzi kila anapoinua. Moyo unabebeshwa kazi ya ghafla ambayo haukuizoea tangu kiangazi. Kila majira ya baridi madaktari wa moyo nchini humu hutoa onyo hilo hilo.

Bibi ameona mpini ulivyokatika. Amefungua gereji na kunipa beleshi la alumini la marehemu mumewe. Amesema lilifanya kazi katika dhoruba iliyoanza tarehe 31 Oktoba 1991, jioni ambayo watoto walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba kuomba peremende. Minneapolis ilipata inchi 28.4 kabla haijaisha, karibu sentimeta 72. Nimemaliza kona kwa beleshi hilo. Skrubu moja imetoka na sijaiona tena.

Jumatano

Mwanamume anayetumia kiti cha magurudumu cha umeme hupita mtaani kwetu kila asubuhi kwenda kituo cha basi. Leo nimemkuta amenasa mbele ya nyumba ya nne kutoka kona. Ni nyumba ya kupangisha, mwenyewe anaishi jimbo jingine, na wapangaji wa mwisho walihama Novemba. Theluji ya Jumapili iko pale pale, imekanyagwa na kuwa mabonde na matuta.

Magurudumu ya mbele yalikuwa yamejichimbia, ya nyuma yakizunguka bila kushika. Mpita njia mmoja na mimi tumesukuma kutoka pande mbili. Glavu yangu ya kushoto imenaswa chini ya kiti, na kiti kimeondoka nayo. Kituoni dereva ameteremsha ubao, kiti kimepanda, na glavu imepanda basi. Nimerudi nyumbani mkono wa kushoto ukiwa mfukoni.

Nyumba zote nyingine za upande wetu zilikuwa safi tangu juzi. Ukipita kwa gari ungesema mtaa huu umesafishwa. Kwa mtu yule ulikuwa umefungwa. Ilibaki njia moja tu: kushuka barabarani na kwenda sambamba na magari katika giza la asubuhi, akiwa kimo cha taa zao za mbele. Nimewahi kumwona akifanya hivyo.

Jambo hili limenikaa kichwani siku nzima. Sheria inapima wajibu kwa kiwanja; mguu na gurudumu hupima kwa mtaa mzima. Mwenye nyumba anaweza kuwa ametimiza kila neno la sheria na bado jirani yake asifike kituoni.

Alhamisi

Glavu imerudi. Mwenye kiti ameining'iniza kwenye kitasa cha mlango wangu, ndani ya mfuko wa nailoni. Imekauka ikiwa imekunja ngumi.

Jana jioni nilikwenda kuchukua mchanga. Jiji huwapa wakazi mchanga wa bure wa kutia mshiko kwenye barafu, mtu aje tu na chombo chake. Nimejaza ndoo ya galoni 5, ambayo ni ndoo yetu ile ya lita 20 pungufu kidogo. Mchanga ulikuwa na unyevu. Ndoo imekaa kwenye buti la gari wakati wa zamu, na kulipokucha mchanga ulikuwa bonge moja lenye umbo la ndoo. Nimeugonga kwa nyundo. Ndoo imepasuka, mchanga haukupasuka. Sasa umekaa chumba cha chini kando ya tanuri la kupashia nyumba joto, na mke wangu anaomba kujua utakaa hapo mpaka lini.

Dukani wanauza chumvi, na watu huinunua kwa magunia. Chumvi inasaidia ikitumiwa kwa kiasi, katika siku isiyo ya baridi kali. Joto likishuka chini ya nyuzi 9 za Selsiasi chini ya sifuri, ile chumvi ya kawaida ya mawe huacha kuyeyusha kwa kiwango cha maana. Inakaa juu ya barafu, mtu anaongeza, nayo inaendelea kukaa. Theluji ikiyeyuka, yote huteremka kwenye mifereji ya mvua na kuishia katika maziwa na mito. Watunza mazingira wa jimbo la Minnesota wana kipimo chao: kijiko kimoja cha chai cha chumvi kinatosha kuchafua galoni 5 za maji moja kwa moja. Hakuna chujio la kawaida la kuiondoa. Watoto wangu wanaogelea katika maziwa hayo Julai. Kwa hiyo beleshi kwanza, mapema, kabla nyayo hazijashindilia, kisha mchanga, chumvi kiganja kimoja pale penye ulazima.

Ijumaa

Theluji nyingine, na jana jiji lilitangaza hali ya dharura ya theluji. Huku hilo ni tangazo lenye utaratibu wake. Siku ya kwanza, kuanzia saa tatu usiku hadi saa mbili asubuhi, gari lisiegeshwe upande wowote wa barabara kuu zilizoteuliwa. Siku ya pili, saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, lisikae upande wa namba shufwa katika mitaa mingine. Siku ya tatu, saa hizo hizo, ni zamu ya upande wa namba witiri. Gari litakalozuia greda linavutwa hadi yadi.

Dada yetu wa Kisii, anayekaa ng'ambo ya mtaa, amerudi kutoka zamu ya hospitali akalala. Alipoamka, mahali palipokuwa na gari lake palikuwa na mstatili mweusi wa lami kavu, na theluji pande zote nne. Amegonga kwetu. "Kaka, gari limekwenda." Tumekwenda yadi pamoja. Foleni ilikuwa ndefu, watu wamevaa makoti juu ya nguo za kulalia. Tulipolikuta gari, betri ilikuwa imekufa kwa baridi. Waya za kuwashia zilikuwa kwenye gari lake, ndani ya buti linalofunguka kwa umeme.

Njiani tumezungumza. Ili gari lipite, kuna ratiba ya siku tatu, magreda yanayokesha, ramani, ujumbe wa simu na wavutaji wa magari. Hayo yote yanalipiwa na kodi, na ni sahihi. Gari la wagonjwa na la zimamoto lazima lifike. Ili mtu apite kwa miguu, kuna beleshi la kila mwenye nyumba. Anayetegemea miguu na basi analipa kodi ile ile. Dada amesema wagonjwa anaowapokea na vifundo vya mikono vilivyovunjika wengi hawakuwa kwenye gari. Mtu akiteleza hutanguliza mkono.

Jumamosi

Familia yote imetoka kusafisha. Mwanangu mdogo amesimama juu ya lundo la ukanda wa majani akazama mpaka kiunoni. Tumemvuta akatoka, buti la kulia likabaki. Tumechimba kutoka juu, kisha kutoka ubavuni. Tumeliona likiwa limejaa theluji hadi ukingoni. Amebebwa mgongoni hadi ndani, akapewa uji.

Jirani wa kulia ana mashine ya kurusha theluji. Ni mtu mkarimu. Akimaliza kwake huendelea mbele bila kuulizwa. Leo upepo ulitoka kaskazini-magharibi. Kila alichokirusha kimetua kwenye njia niliyokwisha kuisafisha. Nimeisafisha tena. Ameona, akaja na mashine kunisaidia, na kilichoruka safari hiyo kimetua kwake. Tumekubaliana kwamba siku za upepo huo aanze yeye, nifuate mimi.

Kuna jambo la upana ambalo watu wengi huliacha. Beleshi moja kwa upana wake linatosha mtu mmoja mzima asiye na mzigo. Halitoshi kigari cha mapacha, wala wazee wawili walioshikana mikono, wala mtu mwenye kiti cha magurudumu na msindikizaji wake. Halafu theluji ya kesho hubomoka kutoka kando na kupunguza hata kile kilichokuwapo. Ndiyo maana sheria imesema upana wote. Nimewaonyesha watoto ukingo wa zege uko wapi pande zote mbili, nao wameuchimbua kwa beleshi dogo la plastiki la ufukweni. Beleshi limevunjika, lakini ukingo unaonekana.

Jumapili

Baada ya ibada nimempigia mama simu. Hapa ilikuwa saa mbili usiku. Kwao Same, kumi na moja alfajiri, saa anayoamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Baridi inawaachia?"

"Bado. Nipo nje namwaga mchanga."

"Hiyo theluji haizolewi na serikali?"

"Barabara ya magari inazolewa na jiji. Njia ya miguu, kila mtu mbele kwake."

"Na asiyeweza?"

Simu imezima hapo. Betri za simu hazistahimili baridi hii. Huonyesha nusu, kisha huzima ghafla. Nimeingia ndani, nimeiweka kwenye chaja, na swali limebaki mkononi.

Kwetu Upare maji ya shamba hutoka kwenye ndiva, yaani bwawa la kuhifadhia maji, juu mlimani na kushuka kwa mfereji unaopita mashamba ya watu wengi. Sehemu moja ikiziba, maji hayafiki kwa walio chini, hata kama wao wamefagia kwao kila siku. Wazee wetu walilijua hilo, na ndiyo sababu kusafisha mfereji hakukuachwa kuwa kazi ya kila mtu kwake. Palikuwa na msaragambo. Mbiu ikilia, kila kaya ilitoa mtu na jembe lake, kazi ikaanzia juu mpaka chini. Asiyekuja bila sababu alitozwa. Kwa ajuza na mgonjwa mfereji ulisafishwa hivyo hivyo, kwa kuwa maji yalilazimika kupita kwake ili yafike kwa mwenzake.

Simu ilipowaka nimempigia tena. Nimemwambia, "Asiyeweza, bado hatujamwekea utaratibu." Mama amejibu, "Basi uwekeni."

Jumatatu

Jana mchana jua lilitoka na joto likapanda juu ya sifuri kwa muda. Theluji ya paa ilianza kuyeyuka, na mlizamu wa nyumba ya tatu ukamwaga maji yake yote juu ya njia. Usiku yameganda. Barafu ya namna hiyo ni nyembamba na safi kiasi kwamba zege linaonekana chini yake. Mtu haioni, anaona zege.

Tarishi wa posta ameteleza hapo saa tano asubuhi. Hakuumia, mkoba wake umemkinga. Barua zimetawanyika hadi ng'ambo ya barabara, na katalogi moja ya mbegu imeteleza peke yake hadi kona. Tumeziokota sisi majirani waliokuwa karibu. Bahasha zilizolowa tumezianika juu ya rejeta yetu, na tarishi amezipitia kuzichukua aliporudi. Katalogi ilikuwa ya bibi wa kona. Ameipokea kwa furaha.

Mwenye nyumba ya tatu ameshughulika mara moja. Ameongeza bomba fupi la plastiki ili mlizamu umwagie uani. Kazi hiyo imechukua muda mfupi kuliko kuokota barua. Wajibu wa njia hauishi theluji inapoondolewa; siku za jua zinahitaji macho zaidi ya siku za theluji, maana wakati huo kila mtu ameshaweka beleshi ndani.

Jumanne

Nyumba ya nne bado. Theluji mpya imekaa juu ya ile ya zamani, na ya zamani sasa ni barafu. Leo nimejaribu kuivunja kwa sururu. Kipande kimeruka kimegonga kisanduku cha barua, kifuniko kimedondoka. Nimekirudishia kwa waya.

Kuna namba ya simu ya jiji, 311. Mkazi akipiga, malalamiko yanaandikwa. Mwenye nyumba anaarifiwa, mkaguzi anakuja kutazama, na njia ikikutwa bado haijasafishwa jiji hutuma kikosi kusafisha na kumtumia mwenye nyumba ankara. Asipolipa, deni huongezwa kwenye kodi ya jengo.

Nimekaa na suala hili tangu wiki jana. Kumripoti jirani si jambo la kufanya kwa wepesi. Katika mtaa huu kuna mama aliyejifungua wiki mbili zilizopita na mumewe anaendesha lori la masafa. Kuna kijana anayefanya kazi mbili. Kuna bibi. Kwa hao ninagonga mlango, naamkia, nauliza hali, kisha nashika beleshi. Ankara hiyo kwao itaadhibu uchovu na uzee, na njia haitakuwa safi zaidi.

Nyumba ya nne ni kesi nyingine. Mwenyewe anaitumia kama biashara. Anapokea kodi ya pango mwaka mzima akiwa na wapangaji, na gharama ya kumlipa kijana wa kusafisha ni sehemu ya biashara hiyo. Nimemwandikia ujumbe kwa anwani iliyo kwenye bango la "Inapangishwa". Hakujibu. Mwenye kiti cha magurudumu ameshuka barabarani tena asubuhi hii. Nimepiga 311 mchana, nimetoa anwani ya nyumba, nimesema kinachoonekana. Nina hakika ni haki.

Alhamisi

Wanaume wawili wamefika na kigari kidogo chenye brashi na beleshi la mbele. Njia ya nyumba ya nne imefunguka hadi zege. Mmoja ameniuliza kama kisanduku cha barua kilikuwa na waya kabla hawajafika. Nimemjibu kilikuwa nao.

Shemeji yangu wa Boston amepiga simu jioni, tukalinganisha. Kwao ni saa tatu baada ya theluji kukoma, au saa tatu tangu jua kuchomoza kama ilianguka usiku. Chicago, theluji ya mchana iondolewe ifikapo saa nne usiku, na ya usiku ifikapo saa nne asubuhi. Miji inatofautiana kwa saa na inafanana katika msingi: kiwanja chako, beleshi lako.

Lakini ipo iliyochagua njia nyingine. Montreal hupitisha magreda madogo kwenye njia za miguu kwa kazi ya jiji lenyewe. Toronto nayo husafisha kwa mashine zake. Rochester, katika jimbo la New York, jiji hupitisha mashine theluji ikiwa nyingi. Wenye nyumba huchangia kwa tozo, na wajibu wao wa kisheria unabaki pale pale. Nimeipenda hiyo ya Rochester. Haimwondolei mtu wajibu mbele ya mlango wake. Inahakikisha tu kwamba kukosekana kwa mmoja hakufungi njia ya wote.

Shemeji alikuwa akisema jambo kuhusu Montreal, simu ikazima. Nilikuwa sebuleni. Chaja ndiyo imekufa.

Jumamosi

Majirani wamekuja kwetu saa kumi jioni. Nilipita kila mlango jana kuwaalika, na karibu wote wamefika. Mke wangu amepika chai ya tangawizi na maandazi. Viatu vimeachwa mlangoni, theluji yake imeyeyuka, na maji yametiririka chini ya zulia hadi alipokaa mwenye mashine ya kurusha theluji, ambaye amekuwa wa kwanza kugundua kwa soksi.

Tumekubaliana haya. Upande wetu utahesabiwa kuwa njia moja, kuanzia kona ya bibi hadi kituo cha basi. Mashine itapita kwanza upande wote. Mabeleshi yatafuata kumalizia upana na kingo. Kona ya bibi, pande zote mbili na miteremko yote, ni ya nyumba mbili kwa zamu, na baada ya kila greda inatazamwa upya. Mama mwenye mtoto mchanga hayumo kwenye zamu mpaka Machi. Dada wa Kisii ameomba asubuhi za Jumapili, siku anayopumzika. Mchanga utakaa chumba chetu cha chini. Mke wangu amelipokea hilo mbele ya mashahidi. Ndoo mpya nimenunua. Bibi amesema hana mikono lakini ana dirisha linaloona kona, na yeye ndiye atakayepiga simu greda likipita. Mwenye kiti cha magurudumu, ambaye hakai mtaani kwetu ila amealikwa, ametuambia saa anayopita, ili pawe wazi kabla ya hapo.

Wageni walipoondoka, kijana wa kazi mbili amechukua buti lake moja na langu moja. Nimemwona kwa dirisha akitembea vizuri tu.

Baada ya hapo nimeketi na kumwandikia barua mjumbe wa kata yetu katika baraza la jiji. Nimeandika kwamba wenye nyumba wa mtaa huu hawaombi kuondolewa wajibu. Wanautimiza na wataendelea. Nimeomba mambo matatu. Njia zinazokwenda vituo vya basi, shule na zahanati zipitishiwe mashine na jiji kila theluji nzito, kwa kodi ile ile inayosafisha barabara. Wazee na wagonjwa wenye viwanja waandikishwe kabla ya Novemba, wapangiwe msaada, wasingojee mkaguzi. Na wenye nyumba wasiokaa mjini watakiwe kutaja, pamoja na leseni yao ya kupangisha, jina la mtu atakayeshika beleshi.

Nimesaini, nimeacha nafasi chini kwa saini za majirani, na kesho nitaipitisha nyumba kwa nyumba kuanzia kwa bibi. Utabiri unasema theluji itaanza saa sita usiku. Zamu ya kwanza ya kona ni yetu.